Pima Hewa ya Nyumba Yako Kabla ya Kuingiza Jiko

Msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti ukifika, jiko la makaa huwa na kazi mbili. Kwanza linapika, kisha chakula kikiiva linaachwa katikati ya chumba watoto wapate joto. Katika nyumba nyingi za mabati huko Raila, Kisumu Ndogo na Kawangware, ndipo pia mianya ya chini ya paa huzibwa kwa katoni na nailoni ili baridi isiingie. Mambo hayo mawili yakikutana usiku, familia inaweza kulala na isiamke. Somo hili linakuonyesha namna ya kukadiria hewa inayopita nyumbani kwako, na vifaa vinavyofaa jiko lako.

Tuanze na moto wenyewe. Kilo moja ya makaa huhitaji takriban mita 8 za ujazo za hewa ili iungue sawasawa. Chumba cha mita 3 kwa mita 3, chenye kimo cha mita 2.2, kina karibu mita 20 za ujazo. Mtu akifanya hesabu hiyo tu anaweza kujiambia hewa inatosha, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu hewa ya kuwasha moto si sawa na hewa ya kumlinda anayepumua.

Kupima ni rahisi. Washa dawa ya mbu ya kuchoma au kijiti cha udi, uishike karibu na dirisha, na utazame moshi. Ukitoka nje, hesabu sekunde unazochukua kusafiri umbali wa mita moja. Tuseme ni sekunde 5; mwendo wake ni mita 0.2 kwa sekunde. Sasa pima uwazi wa dirisha. Wa sentimita 30 kwa 30 ni mita 0.09 za mraba. Zidisha mbili hizo, kisha zidisha kwa 3,600, sekunde za saa moja. Jibu ni karibu mita 65 za ujazo kwa saa, yaani hewa ya chumba kile hubadilishwa mara tatu kwa saa. Kama moshi unatoka sehemu ya juu ya dirisha na kuingia sehemu ya chini, hesabu ile sehemu ya juu peke yake. Na kama moshi umesimama tu, hakuna cha kuhesabu.

Mara tatu kwa saa inasikika vizuri. Lakini makaa yakiungua hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, takriban gramu 200 kwa kila kilo. Jiko lililoachwa litulie usiku likitumia robo kilo kwa saa litatoa gramu 50. Gawa kwa mita zile 65, na unapata karibu miligramu 770 katika kila mita ya ujazo. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisipitwe kwa saa moja ni miligramu 35. Tumezidi mara 22, na dirisha liko wazi! Ndiyo maana ushauri wetu hauna kona: pikia nje au mlangoni penye upepo, na jiko la makaa lisilale ndani, hata likiwa limefunikwa majivu. Kufunga kimlango cha chini hupunguza makaa yanayotumika, lakini moto unaokosa hewa ndio hutengeneza gesi hiyo kwa wingi.

Kuhusu vifaa, jiko la kauri lilianza kuenea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, likiigwa kutokana na jiko la ndoo la Thailand, na leo mafundi wa jua kali wa Kamukunji bado wanalifua. Unaponunua, tazama matundu ya udongo yasiwe yamezibwa, na udongo usiwe na ufa. Sufuria ikae juu ya mafiga na iache nafasi ya unene wa kidole pande zote. Sufuria pana inayolala kwenye ukingo wa jiko hufunga njia ya hewa, moto unafifia, nawe unaongeza makaa bila faida. Utaona watu wakipepea kwa kifuniko kwa dakika kumi, kumbe kosa ni sufuria.

Wanaohamia gesi wajue kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini, kwa hiyo mwanya wa juu hautoshi; weka na wa chini. Rigeleta iingiane na vali ya mtungi wako, na mpira uwe wa gesi, si wa maji. Pima uvujaji kwa povu la sabuni, kamwe usitumie kiberiti. Ukinunua kengele ya kaboni monoksaidi, tafuta iliyoandikwa EN 50291. Kengele ya moshi haiitambui gesi hii.

Ukihisi kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu au miguu kulegea, na wenzako nyumbani wana hali hiyo hiyo, fungua mlango, tokeni nje wote na mpige 999 au 112. Anayemfuata aliyezimia asiingie peke yake. Mkifika hospitali, Mbagathi au kwingine, mwambieni daktari waziwazi kwamba jiko lilikuwa ndani. Dalili hizi hufanana na za malaria na homa, na kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kinaweza kuonyesha kwamba mgonjwa yuko sawa ilhali hayuko. Mama mjamzito aende hata akijisikia nafuu, kwa kuwa mtoto aliye tumboni huathirika zaidi.

Wapangaji, mwambieni mwenye ploti awaachie mwanya mmoja chini na mwingine juu, ukingo wa paa. Kuondoa katoni moja na kukata shimo la bati si gharama kubwa kwake.