Njia ya Kutoka Kitandani Hadi Chooni: Kumsaidia Mtoto Anayebanwa na Haja Usiku

Kurasa za jarida hili huzungumzia mara kwa mara huduma zinazoonekana mchana: visima, barabara, madarasa na vyoo. Somo la toleo hili linahusu saa ambazo kaya nyingi zimelala, pale mtoto mdogo anapobanwa na haja ndogo na hana budi ama kuamka ama kulowesha kitanda. Jambo hili huonekana dogo, na kwa sababu hiyo halizungumzwi katika mikutano ya kitongoji wala katika vikao vya wazazi shuleni. Hata hivyo, ndani ya nyumba huleta fimbo, aibu na usingizi uliokatika, na mara nyingine huficha ugonjwa unaohitaji tiba ya haraka.

Kampeni ya kitaifa ya Nyumba ni Choo, iliyozinduliwa mwaka 2017, ilihimiza kila kaya kuwa na choo bora na kukitumia. Kaya nyingi zimeitikia. Swali linalobaki ni hili: je, choo hicho kinafikika na mtoto wa miaka 4 usiku wa manane? Kama hakifikiki, basi kwa mtoto huyo kaya ina choo cha nusu siku.

Mwili wa mtoto unavyojifunza

Figo hutengeneza mkojo mchana na usiku, nao hukusanyika katika kibofu. Kibofu kinapojaa hupeleka taarifa kwenye ubongo. Kwa mtu mzima taarifa hiyo humwamsha, au ubongo huamuru kibofu kisubiri hadi asubuhi. Zaidi ya hayo, mwili hutoa homoni inayopunguza utengenezaji wa mkojo wakati wa usiku. Mifumo hii yote hukomaa polepole, na kila mtoto ana mwendo wake.

Kibofu cha mtoto wa miaka 4 hubeba takribani mililita 150, kiasi kisichojaza kikombe cha chai. Si ajabu basi mtoto huyo akiamka usiku kuomba kupelekwa haja. Kuamka kwake ni dalili njema, kwani kunaonyesha kwamba ubongo umeanza kuisikia sauti ya kibofu. Mzazi anayemkaripia kwa kumkatiza usingizi humfundisha kunyamaza usiku unaofuata, na matokeo yake huonekana kwenye godoro.

Wapo watoto ambao hawaamki kabisa. Kwa kawaida mtoto hutangulia kujizuia mchana, kisha baadaye usiku. Wataalamu wa afya hawahesabu kukojoa kitandani kuwa tatizo kabla ya miaka 5. Hata katika umri huo, watoto kati ya 15 na 20 katika kila 100 bado hulowesha kitanda, na wengi wao huacha wenyewe kadiri wanavyokua. Hali hii hufuata ukoo pia. Mzazi mmoja akiwa alikojoa kitandani utotoni, takribani watoto 4 kati ya 10 huwa na hali hiyo. Wazazi wote wawili wakiwa hivyo, idadi huzidi 7 kati ya 10. Kabla ya kumwita mtoto mvivu, waulizeni bibi na babu zake habari za utoto wenu.

Safari ya usiku

Tuchukue mfano wa nyumba ya kawaida katika kata yoyote yetu. Watoto hulala chumba kimoja, wazazi chumba kingine. Mlango wa nje umefungwa kwa komeo la juu. Choo kipo nyuma ya nyumba, hatua ishirini au zaidi, na hakina taa. Mtoto mwenye haja lazima atoke ndani ya chandarua, apite juu ya wenzake waliolala, afungue komeo asilolifikia, avuke uwanja wenye giza, kisha asimame juu ya tundu asiloliona. Mtu mzima mgeni angesita. Mtoto huamua kubaki kitandani na kujikaza hadi usingizi umshinde.

Tena wapo watu wazima wanaowatisha watoto kwa habari za majini na mazimwi ya chooni ili wasicheze huko mchana. Tishio hilo halifi jua linapozama. Mtoto aliyeambiwa hivyo saa nane mchana hulikumbuka saa nane usiku.

Kaya inaweza kurekebisha njia hiyo kwa gharama ndogo. Hatua zifuatazo ni za kuanzia:

1. Mwambieni mtoto kwa maneno ya wazi kwamba ana ruhusa ya kuwaamsha, na mtajeni mtu mmoja wa kumwamsha: mama, baba, bibi au dada mkubwa. Mtoto mdogo asiende chooni nje ya nyumba peke yake usiku.

2. Mlazeni upande wa kutokea, karibu na mlango, ili asipite juu ya wenzake. Akirudi, mtu mzima achomeke tena chandarua chini ya godoro, kwa sababu chandarua kilichoachwa wazi ni mwaliko kwa mbu.

3. Wekeni tochi au taa ndogo ya sola mahali panapojulikana. Koroboi isiachwe ikiwaka karibu na chandarua au mikononi mwa mtoto; hatari ya moto ni kubwa kuliko hatari ya giza.

4. Safisheni njia ya kwenda chooni, fyekeni majani pembeni, na wekeni kandambili mlangoni. Zikung'uteni kabla ya kuvaa, kwani nge na wadudu wengine hupenda kujificha humo.

5. Hakikisheni sakafu ya choo ni imara na tundu lake ni dogo kiasi kwamba mguu wa mtoto hauwezi kutumbukia. Mfuniko wa tundu wenye mpini mrefu huzuia nzi na humpunguzia mtoto hofu.

6. Pale ambapo choo kiko mbali, au usiku si salama kutoka, tumieni poti au ndoo ndogo yenye mfuniko ndani ya chumba. Asubuhi yaliyomo yamwagwe chooni, chombo kioshwe kwa maji na sabuni, na mikono ioshwe vilevile. Kinyesi cha mtoto mdogo hubeba vimelea vya magonjwa kama cha mtu mzima. Kisitupwe jalalani wala nyuma ya nyumba.

Mpango wa jioni

Mtoto anahitaji maji ya kutosha, na maji hayo yafaa anywe zaidi asubuhi na mchana. Mtoto asiyekunywa shuleni siku nzima hurudi na kiu na kunywa kwa wingi usiku. Chai ya rangi, kahawa na soda za kola zina kafeini, hivyo zisitolewe jioni. Kumnyima mtoto maji akiwa na kiu ni kosa, hasa katika maeneo ya joto. Kinachotakiwa ni kuhamisha wakati wa kunywa.

Kabla ya kulala aende chooni, hata kama anasema hana haja. Kama ametumia saa moja kusikiliza hadithi au kumsubiri baba, aende mara ya pili. Wazazi wengine humwamsha mtoto wanapokwenda kulala wao. Hilo huokoa shuka za usiku huo, ingawa peke yake halimfundishi mtoto kuamka. Mkifanya hivyo, mwamsheni kweli, atembee na ajue alipo, badala ya kumbeba akiwa usingizini.

Jambo jingine linalosahauliwa ni choo kigumu. Utumbo uliojaa hukisukuma kibofu na kukipunguzia nafasi. Mboga za majani, maharage, papai, machungwa na maji ya kutosha husaidia.

Kwa godoro, tandikeni nailoni nzito chini ya shuka, ivutwe na kubanwa vizuri pembeni isimfikie mtoto usoni. Likilowa, lianikwe juani mapema. Mtoto wa miaka 5 na kuendelea anaweza kusaidia kutoa shuka na kuiloweka, kama anavyosaidia kuteka maji au kufagia. Isiwe adhabu, na isifanywe mbele ya macho ya majirani.

Fimbo haiponyi kibofu

Katika baadhi ya familia bado mtoto hutembezwa na mkeka wake mtaani huku watoto wenzake wakimzomea kwa jina la kikojozi. Wengine humchapa kila asubuhi. Wapo pia wanaoamini kwamba mtoto aliyechezea moto mchana ndiye atakayekojoa usiku. Onyo hilo la wazee lina faida ya kumweka mtoto mbali na jiko, lakini moto hauhusiki na mkojo.

Mtoto anayekojoa usingizini hana habari ya anachofanya. Adhabu hufundisha pale tu ambapo mtendaji aliweza kuchagua, na aliyelala hachagui. Kinachoongezeka kwa kipigo ni hofu. Na mtoto mwenye hofu hulala vibaya, huficha nguo zilizolowa, hukataa kwenda kwa shangazi wakati wa likizo na hukaa mbali na wenzake darasani. Wahenga waliosema samaki mkunje angali mbichi walikuwa wakihimiza malezi ya mapema. Hawakusema samaki avunjwe.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 13, inakataza kumtesa mtoto, kumpa adhabu ya kikatili au kumtendea mambo yanayomdhalilisha. Kumtembeza mtoto na mkeka uliolowa ili achekwe ni kumdhalilisha.

Wakati wa kwenda zahanati

Kukojoa kitandani peke yake kwa mtoto mdogo si dharura. Mpelekeni mtoto katika zahanati au kituo cha afya mkiona mojawapo ya dalili hizi:

Kwanza, mtoto anakunywa maji kupita kawaida, anakojoa mara nyingi mchana na usiku, anakonda na kuchoka. Hizi ni dalili za kisukari, ambacho huwapata watoto pia. Mpelekeni siku hiyo hiyo. Akianza kutapika, kupumua kwa kasi au kulegea, hali imekuwa ya hatari na kila saa ina thamani.

Pili, mkojo una damu, hasa mwishoni. Katika maeneo ya mito, mabwawa na mashamba ya mpunga, hii ni dalili ya kichocho, ugonjwa unaoingia kupitia ngozi mtoto anapooga au kucheza katika maji yenye konokono waenezao vimelea vyake. Baadhi ya wazee huichukulia damu hiyo kuwa jambo la kawaida la ujana. Si la kawaida, na dawa yake ipo.

Tatu, mtoto analia au anaumwa wakati wa kukojoa, ana homa, au mkojo una harufu kali isiyo ya kawaida. Huenda ana maambukizi katika njia ya mkojo.

Nne, mtoto ana ugonjwa wa selimundu. Figo zake hushindwa kuukoleza mkojo, hivyo hukojoa sana usiku na huhitaji maji mengi. Huyu asipunguziwe maji kamwe. Mzazi ashauriane na kliniki yake.

Tano, mtoto aliyekaa mkavu kwa miezi 6 au zaidi ameanza tena kulowesha kitanda. Ugonjwa unaweza kuwa sababu. Vilevile msiba, kutengana kwa wazazi, kuhamishwa nyumba, kuonewa shuleni au kufanyiwa ukatili. Mtoto mdogo huenda asiwe na maneno ya kueleza yaliyompata, na mwili ukasema badala yake. Mkaeni naye kwa upole, msikilizeni bila kumhoji kama mtuhumiwa.

Zahanati hupima mkojo na sukari kwa muda mfupi, na pale inapobidi hutoa rufaa. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawaweka watoto wenye umri chini ya miaka 5 miongoni mwa makundi yenye msamaha wa malipo katika vituo vya umma. Nendeni na kadi ya kliniki ya mtoto.

Ushauri kuhusu ujenzi na usafi wa choo hutolewa na Afisa Afya wa Kata, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kufika nyumbani. Mkiona dalili za ukatili, mwoneni Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au pigeni simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, bila malipo.

Zoezi la somo hili

Jioni ya leo, kabla ya kulala, zimeni taa, kisha mshikeni mkono mtoto wenu mdogo na mwende naye kutoka kitandani hadi chooni na kurudi. Mwacheni yeye aongoze. Angalieni mahali anaposita, komeo asilolifikia, jiwe linalomkwaza na kona anayoiogopa. Hesabuni vitu hivyo. Kila kimoja kiondolewe au kirekebishwe kabla ya mwisho wa wiki. Kisha mwambieni kabla hajafumba macho: ukibanwa, niamshe. Na atakapowaamsha, amkeni.