Nusu Kilo Isipotee: Kupokea Maandishi ya Fomu Katika Seva

Hapa Minova, ukingoni mwa Ziwa Kivu, ambako wakulima wa milima ya Kalehe hushusha kahawa mbivu ikapimwa siku ile ile, natunza daftari la mizani lililoandikwa kwa PHP, na kazi hiyo imenithibitishia kwamba kila thamani iliyotumwa kwa fomu hufika katika seva ikiwa maandishi matupu, hata kama machoni petu ni hesabu.

Karani aliyesomeshwa kwa Kifaransa huandika uzito kwa mkato: 12,5. Ukiichukua $_POST['kilo'] na kuilazimisha iwe namba kwa (float), PHP husoma hadi kwenye mkato ikakoma, ikakurudishia 12 pasi na onyo lolote. Na nusu kilo ya mtu aliyeteremka na mzigo mgongoni imekwenda, wala hapana atakayejua. Hiyo ni dhuluma, ingawa hakuna aliyeikusudia. Kwa hiyo mimi kwanza huondoa nafasi za pembeni kwa trim, kisha hugeuza mkato kuwa nukta kwa str_replace, ndipo huuliza is_numeric. Na jibu likiwa la, fomu humrudia karani pamoja na yote aliyokwisha kuyaandika, asije akaanza upya na huku foleni imesimama. Namba ya simu, kinyume chake, iachwe maandishi, ama sivyo sifuri ya mbele hutoweka. Kisanduku kisichotiwa alama hakitumwi kabisa, basi kisomwe kwa ?? pamoja na thamani ya akiba.

Majina nayo yana haki yake. Baadhi ya majina ya Bushi, nchi ya Washi, huanza na M', na apostrofi hiyo ndiyo alama ambayo SQL hufungia maandishi, basi ukiliunga jina ndani ya amri, amri hukatika, na mwenye nia mbaya aweza kupenyeza yake papo hapo. Wako wanaoifuta apostrofi ili wastarehe. Mimi siridhii, kwani jina la mtu si letu kulikata. Iandae amri kwa prepare ya PDO, weka alama ya kuuliza mahali pa jina, ulipeleke jina lenyewe kando kwa execute. Na siku ya kulionyesha kwenye ukurasa, lipitishe katika htmlspecialchars.

Ukirithi msimbo wa kale unaotaja $kilo bila $_POST, fahamu kwamba ni wa enzi za register_globals, mpangilio uliogeuza uga wa fomu kuwa kigeu wenyewe, ambao ulizimwa kwa chaguo-msingi katika PHP 4.2 mwaka 2002 na kuondolewa kabisa katika 5.4 mwaka 2012. Upitie mstari kwa mstari kabla hujauweka kwenye seva.