SOMO LA IJUMAA: KWA NINI MTU ANAACHA KWAO?



Hapa Kindu utasikia mtu anamwambia mwenzake: "Wewe ni mtu wa kuja." Basi tuulizane, ni nani hakuja?

Wa kwanza walifuata biashara. Katika miaka ya 1870 watu wa pwani, akina Hamed bin Muhammed wa Unguja (Tippu Tip), walikaa Nyangwe na Kasongo wakitafuta pembe za ndovu. Kiswahili chetu na dini yetu vilipita njia hiyo. Lakini tusifiche: njia hiyo hiyo ilipitisha watu wenye minyororo shingoni. Hao hawakuhama, walihamishwa, na vitukuu vyao tunasali nao safu moja.

Halafu ikaja kazi. Mashua hupanda Lualaba kutoka Ubundu mpaka hapa. Kwenda Kongolo kuna maporomoko. Kwa hiyo Wabelgiji, kabla ya vita vya 1914, walijenga reli ya Kindu–Kongolo, karibu kilomita 355. Pale mashua ilipokoma na garimoshi kuanza, mji ukakua. Wachukuzi, mafundi na makarani wakaja, wengine kwa kupenda, wengine kwa kulazimishwa. Baadaye Kalima ikavuta watu kwa madini ya bati, na mwaka 1988, Maniema ilipokuwa jimbo, wakaja watu wa ofisi.

Sababu nyingine ni hofu. Vita vya 1998 hadi 2003 vilitoa watu vijijini na watoto mgongoni. Wengine hawakurudi: shamba limekuwa pori, watoto wameingia shule hapa. Mfanyabiashara huchagua siku ya kuondoka. Anayekimbia hachagui hata viatu. Na bado kuna mwenye nyumba anayempandishia kodi mtu kama huyo kwa kuwa anajua hana ndugu mjini. Ndugu yangu, huo ni ujanja wa aibu.

Mtume wetu (s.a.w.) naye alihama Makka kwenda Madina mwaka 622 kwa ajili ya mateso. Huko aliunga udugu kati ya Muhajirina na Ansari, mtu na mtu. Saad bin Rabii akataka kumgawia Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akauliza soko liko wapi. Wakamwonyesha soko la Banu Qaynuqaa, akaenda, akarudi na jibini na samli.