Karatasi ya Maswali Haijui Mwisho Wako

SOMO LA WIKI
Maandiko ya kusoma: 1 Samweli 16:1-13, Kutoka 4:10-16, Zaburi 139



Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha semina ya vijana, nikawagawia karatasi ya maswali ya kupima tabia. Unaweka alama, unajumlisha, halafu unaambiwa wewe ni mtu wa aina gani. Kijana mmoja mkimya akatoka flegmatiki, yaani mtu mtulivu, asiye na haraka. Nikasema mbele ya wenzake, "Huyu uongozi si wake. Tumpe viti apange." Basi akapanga viti miaka miwili.

Halafu mzee mmoja wa kanisa akaaga dunia, na ukoo ukagawanyika kuhusu mahali pa kumzika. Sisi wasemaji tukaenda, tukaomba kwa sauti, tukahubiri. Ugomvi ukazidi. Yule kijana alikaa na wajomba jioni tatu akiwasikiliza mmoja mmoja, na jioni ya tatu wakapatana. Nilipomwendea kumwomba msamaha akanijibu, "Pastor, si wewe tu. Hata mimi niliiamini ile karatasi."

Neno hilo halijanitoka. Kwa hivyo leo tuvipime vipimo vyenyewe.

1. Vimetoka wapi?
Zile aina nne, sangwini, koleriki, melankoli na flegmatiki, hazikutoka kwa Biblia. Matabibu wa Ugiriki ya kale walifundisha kwamba mwili una maji ya aina nne, na baadaye tabibu Galen akayahusisha na tabia za watu. Udaktari uliachana na mafundisho hayo zamani. Mwaka 1966 mchungaji wa Marekani, Tim LaHaye, aliandika kitabu kuhusu tabia hizo nne na kazi ya Roho Mtakatifu, na kikasaidia kuzieneza makanisani. Kile kipimo kingine cha herufi nne, chenye aina 16, kilitungwa na mama na binti yake, Katharine Briggs na Isabel Myers, wakifuata mawazo ya Carl Jung. Sisemi ni dhambi kuvitumia. Nasema tujue ni kazi ya wanadamu.

2. Vinasaidia nini?
Vinafungua mazungumzo. Wachumba wakijaza karatasi hiyo, dada anaweza kusema kwa mara ya kwanza, "Mimi nikikasirika hunyamaza, usidhani nimekuchukia." Hilo ni jambo jema. Mzazi pia anaweza kugundua kwamba mtoto wake si mvivu, ila anachoka akiwa kwa watu wengi. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia gredi ya kumi, wakiwa na njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Hapo maswali ya kujifahamu yana kazi. Hata Paulo, Warumi 12, anatutaka tujipime kwa kiasi, tujue karama zetu zinatofautiana.

3. Vinaishia wapi?
Kwanza, anayejibu ni wewe. Ukijaza siku umegombana na bwanako, utajibu vingine. Wengi wanaorudia kile kipimo cha herufi nne baada ya wiki chache hupata aina nyingine.

Pili, watu hawakai kwa masanduku. Wengi wetu tuko katikati, si wasemaji sana wala wakimya sana. Ndiyo maana watafiti wengi leo hupima sifa tano kubwa kwa viwango, bila kumpa mtu jina moja.

Tatu, hakuna karatasi inayopima toba, uaminifu wala upendo. Koleriki anaweza kuwa mnyang'anyi, anaweza kuwa mtumishi wa Mungu. Na wewe ndugu unayempigia mke kelele halafu unasema, "Mimi ni koleriki, ndivyo nilivyoumbwa," jameni, soma Wagalatia 5. Kiasi ni tunda la Roho, na halikuandikiwa wapole peke yao.

Hata nabii Samweli alikosea. Alimwona Eliabu, umbo na kimo, akadhani ndiye. Mungu akamkataza. Aliyechaguliwa hakuwa hata nyumbani, alikuwa malishoni. Musa naye alijieleza kuwa mzito wa kusema, na Mungu hakubishana kuhusu ulimi wake. Alimpa Haruni wa kumsaidia, na kazi ikabaki ya Musa.

Sisi Wakamba tunalielewa hili. Mtoto wa usiku tunamwita Mutuku, wa asubuhi Kioko, wa wakati wa mvua Wambua. Jina linasema alikuja lini. Halisemi atafika wapi. Mutuku anaweza kuwa wa kwanza kuamka kijijini.

Tena, fikiria mito yetu ya mchanga, kama Kaiti na Thwake. Wakati wa kiangazi mgeni anapita juu anasema hakuna kitu hapa. Mama wa huku anautazama mkuyu ulio kando, anajua pa kuchimba. Lakini hanywi mkuyu. Lazima apige magoti, achimbe, angoje maji yajikusanye. Kipimo cha tabia ni huo mkuyu. Kinaweza kukuonyesha pa kuanzia, ila kumjua mtu ni kuchimba.

4. Tufanye nini wiki hii?
- Kuna mtu uliyempa jina ("mvivu," "mwoga," "wa hasira") ukafunga mlango? Mwendee.
- Kuna jina ulilopewa ukaliamini? Lipeleke kwa Mungu ukisoma Zaburi 139.
- Viongozi, kabla ya kugawa kazi, mpe mtu kazi ndogo umwone akiifanya.

Yule kijana leo anaongoza idara ya upatanisho kanisani. Bado ni mkimya. Na viti bado anapanga, kwa kupenda kwake.

Tuombe: Bwana, wewe uliyetuumba, tuchunguze mwenyewe. Tusamehe pale tulipofunga ndugu zetu kwa maneno. Katika jina la Yesu, Amina.