Mtoto Anayechelewa Kusema: Tazama Pia Mikono na Miguu Yake

Siku ya kupima kilo mama wengi hutuambia: "Munganga, mtoto huyu ana miaka mitatu na hasemi kitu. Mtazame ulimi." Tunautazama, ulimi ni mzima. Kisha tunauliza: anatembea namna gani? Anashika kijiko? Mama anashangaa. Amekuja kwa ajili ya kinywa, sisi tunauliza habari za miguu.

Sababu ni hii: kusema ni kazi ya misuli. Ili mtoto atamke neno "mama" tu, midomo, ulimi, taya na pumzi lazima vifuatane, kila kimoja kwa saa yake, kama watu wa zamu moja shimoni. Mkubwa wa kazi hiyo ni ubongo. Mwaka 1861 munganga Mfaransa Paul Broca alionyesha kwamba sehemu fulani ya mbele ya ubongo ikiumia, mtu hupoteza uwezo wa kusema. Sehemu hiyo ni jirani ya ile inayoendesha uso na mkono.

Kwa hiyo mikono na maneno hukua pamoja. Mtoto wa miezi sita au saba anatikisa mkono, anapiga sahani, na karibu na siku hizo hizo anaanza "bababa". Karibu na mwaka mmoja anaonyesha vitu kwa kidole. Usikidharau kidole hicho! Kitu anachoonyesha leo, mara nyingi jina lake humjia kinywani baada ya miezi michache. Akianza kutembea anakuletea vitu, nawe unavitaja.

Wako watoto wanaosikia vizuri, wana akili, lakini lugha inawashinda. Si wachache: hesabu zilizofanywa Marekani na Uingereza zilipata karibu 7 katika kila 100. Wengi wao wana pia mikono mizito. Vifungo vya shati vinawashinda, mpira unawapita, wanaanguka ovyo. Baba anasema ni mvivu, anachukua mshipi. Wengine wanasema ni mlozi. Jueni kwamba sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemshitaki mtoto kwa ulozi. Na mshipi haulegezi ulimi.

Tuanze na masikio. Homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, usaha wa sikio usiotibiwa, vyote vinaweza kuharibu usikivu. Masikio yapimwe kabla ya jambo lingine lolote.

Nyumbani, unganisha neno na tendo. Mama, ukitwanga sombe mpe mtoto mchi mdogo, mtwange pamoja: "Twanga! Twanga!" Halafu nyamaza, umngoje. Kungoja huko ndiko kunakowashinda wazazi. Hesabu polepole hadi tano. Akijibu kwa mkono tu, pokea, kisha wewe utaje neno. Wasichana wakicheza nzango wasimfukuze, hata akikosea hatua: pale kuna makofi, miguu na wimbo kwa pamoja. Baba, ukitoka kazini oga kwanza na uache nguo za kazi mbali na watoto, kwa maana vumbi lenye risasi huharibu ubongo wao. Kisha cheza naye: "Lete kiti. Weka hapa. Keti." Semeni lugha mnayoijua vizuri, Kiswahili, Kibemba au Kiluba. Lugha mbili nyumbani hazileti shida hii.

Nisiwadanganye: michezo hii si dawa. Kuruka kamba kimya kimya hakuleti maneno. Kinachosaidia ni neno linalosemwa wakati mwili wa mtoto unafanya kazi, kila siku, kidogo kidogo, kwa miezi.

Mlete dispanseri kama ana miezi 15 na haonyeshi kitu kwa kidole. Shirika la Afya la Dunia lilipima watoto wa nchi tano, Ghana ikiwamo, na mwaka 2006 likatangaza kwamba karibu wote hutembea peke yao kati ya miezi 8 na 18. Basi aliyepita miezi 18 hajatembea, mlete pia. Vilevile wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili, kama "mama, maji". Lakini mtoto aliyekuwa akisema, kisha maneno yakampotea, huyo usingoje siku ya kilo. Mlete kesho asubuhi.