KUCHAGUA MAKANGAGA YA KUPAMBA NYUMBA

Mtu apitaye Sosiot, katika nchi ya Belgut karibu na Kericho, huona makangaga mengi kando ya vijito na chini ya miti. Makangaga ni mimea isiyotoa maua wala mbegu, na majani yake machanga hutoka yakiwa yamejikunja mfano wa konokono. Kwa kuwa hustawi nje pasipo kutunzwa na mtu, wengi hudhani kwamba yatastawi vivyo hivyo ndani ya nyumba. Basi hung'oa lile lililo zuri kupita yote, hulitia katika kopo, huliweka juu ya kabati, na baada ya majuma machache limekwisha kauka.

Kosa si la mmea, bali ni la uchaguzi. Mji wa Kericho uko kadiri ya mita 2,000 juu ya bahari, na nchi yake hupata mvua karibu kila mwezi. Ndiyo maana chai hustawi huko. Lakini ndani ya nyumba ni kama nchi nyingine. Kuna moto ukaushao hewa, kuna moshi, na pengine kuna giza mchana kutwa. Yafaa mtu apime kwanza mahali alipo napo, ndipo achague mmea.

Jambo hili lilitambuliwa zamani. Daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, alipanda makangaga bustanini mwake, yakafa kwa moshi wa mji. Karibu mwaka 1829 aliona kangaga likichipua lenyewe katika chupa iliyofunikwa, yenye udongo mbichi ndani yake, nalo likaishi. Akajua kwamba kangaga lahitaji hewa safi yenye unyevu. Baadaye masanduku ya kioo yaliyofanywa kwa kanuni hiyo yalichukua miche ya chai salama kutoka China hadi India.

Namna tatu zafaa kuangaliwa. Ya kwanza ni kangaga lenye majani marefu kama upanga. Hili ni gumu kuliko mengine, nalo lafaa kwa anayeanza. Liwekwe karibu na dirisha la mashariki lipatalo jua la asubuhi tu. Ya pili ni lile lenye majani mapana yasiyokatika, yaliyojipanga mfano wa kiota cha ndege. Hili huvumilia kivuli zaidi, lakini maji yasimwagwe katikati ya kiota, lisije likaoza. Ya tatu ni lile lenye vijani kama vya giligilani juu ya vikonyo vyeusi vyembamba kama nywele. Hili ni zuri sana, lakini likikosa maji hata kwa muda mfupi hunyauka. Asiye na nafasi ya kulitazama kila siku asilichukue.

Kangaga kubwa la malishoni lisiletwe nyumbani kabisa. Mizizi yake hutambaa mbali wala haitoshi chunguni, na majani yake yana sumu iwadhuruyo ng'ombe.

Wakati wa kununua, mtu atazame kama katikati mna machipukizi mapya. Kisha ageuze jani. Akiona madoa ya kahawia yaliyopangwa kwa safu, asidhani ni ugonjwa, wala asiyafute. Humo ndimo mna vumbi la uzazi wa mmea. Lakini vigamba vilivyotawanyika ovyo, navyo hubanduka vikikwaruzwa kwa ukucha, ni wadudu.

Chungu kiwe na tundu chini, na udongo uchanganywe na majani yaliyooza na mchanga kidogo. Maji yatiwe udongo unapoanza kukauka juu. Katika miezi ya ukavu, Desemba hadi Februari, chungu kisimamishwe juu ya sahani yenye kokoto na maji, ili hewa ipate unyevu.

Haifai kung'oa makangaga katika msitu wa Mau. Sheria ya misitu ya Kenya ya mwaka 2016 yakataza kutoa mimea katika misitu ya umma bila ruhusa; tena kangaga la msituni, lililozoea ukungu, hufa upesi nyumbani. Ni afadhali kuomba chipukizi kwa jirani, maana kangaga la upanga hutoa watoto wengi. Mwenye dirisha moja dogo aridhike na kangaga moja lililo hai. Hilo lapamba nyumba kuliko matano yanayokauka.