Kingereza ya kazi: maneno ya kujua mbele ya kutia mukono



Somo ya leo haiko ya mbolea wala ya mbegu, ni ya maneno. Hapa Dilala, nyumba mingi za walimaji ziko na kijana mwenye anatafuta kazi ku mine. Kifaransa tulikisoma ku masomo, lakini mine mingi ziko pamoja na sosiete za inje: mu KCC kuko Glencore ya Uswisi, mu Kamoa kuko Ivanhoe ya Kanada na Zijin ya China. Njo maana matangazo mengine na mikanda mingine ya kazi inafika mu Kingereza. Kijana anatia mukono, kisha nyumba yote inabeba matokeo. Tujifunze basi maneno ya lazima, makundi matatu.

1. Mukubwa wa kazi ni nani?

"Employer", soma imploya, ni ule mwenye anaandika mutu kazi na anamulipa. "Employee", soma imployii, ni ule mwenye analipwa. Angalia mwisho wa neno: -er anatoa, -ee anapokea. Vilevile "trainer" anafundisha, "trainee" anafundishwa.

"Subcontractor" ni sosiete yenye inapewa kipande cha kazi na sosiete ingine. Ku Kifaransa tunasema sous-traitant. Neno hii ni ya maana sana kwetu. Mu 2021, RAID ya Uingereza na CAJJ ya hapa Kolwezi walitoa ripoti juu ya mine tano za kobalti: wafanyakazi kupita nusu walikuwa chini ya sous-traitant. Ni kusema, kijana anaweza kuingia kila asubuhi ku mulango wa mine kubwa, lakini employer wake ni mwingine. Siku mushahara inakosa, mulango wa kwanza wa kupiga hodi ni ule wenye jina lake limeandikwa ku mukanda. Kama jina halimo, aulize mbele ya kutia mukono.

2. Kazi ni ya muda gani?

"Permanent": kazi haina siku ya mwisho.

"Fixed-term": kazi iko na siku ya mwisho. Sheria ya kazi ya inchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inakataza kupitisha miaka 2.

"Casual": kazi ya siku kwa siku. Sheria ileile inasema hivi: mutu akitimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi 2, na akiandikwa tena mbele miezi hiyo 2 haijaisha, kazi yake inahesabiwa kuwa ya bila mwisho. Lakini nani atahakikisha zile siku? Kijana aandike kila siku ya kazi mu kayé yake, sawa vile sisi tunaandika siku ya kupanda na siku ya mvua.

"Probation": wakati wa kujaribiwa. Kwa mutu wa kazi ya mikono bila ufundi, isipite mwezi 1. Kwa wengine, isipite miezi 6.

Tuangalie mutego moja. "Labourer" ku Kifaransa ni kulima. Ku Kingereza ni mutu wa kazi ya mikono, ya kubeba na kuchimba. Mulimaji asifikiri wanatafuta mulimaji!

3. Feza

"Salary" ni mushahara wa mwezi. "Wage" ni malipo yenye kuhesabiwa kwa siku ao kwa saa. "Gross" ni feza mbele ya kukata. "Net" ni ile yenye inafika mu mukono. Katikati yao kuko "deductions", ni kusema vyenye vinakatwa, kama kodi na 5% ya CNSS. Basi swali la kuuliza siyo tu "ngapi?", ni "ngapi net?" "Overtime" ni saa za kupita zile 45 za juma zenye sheria inaweka, na zinalipwa zaidi.

Zoezi

Tangazo hii tuliitunga sisi wenyewe. Muisome pamoja ku mukutano:

*Wanted: 10 casual labourers. Daily wage. Start: 15 November. Employer: subcontractor.*

Jibu: watu 10 wa kazi ya mikono, siku kwa siku, malipo ya kila siku, kuanza tarehe 15 Novemba, chini ya sous-traitant. Jina la ule sous-traitant halimo, hesabu ya feza haimo, na siku ya mwisho haimo. Kisha muangalie tarehe. Novemba ni wakati wa kupanda mahindi. Kama mikono ya vijana inaondoka juma ile, shamba litapandwa kwa kuchelewa, na mavuno yatapunguka. Hatusemi kijana akatae. Tunasema nyumba ihesabu: feza net ya zile siku, na magunia yenye yanaweza kupotea. Kisha baba, mama na kijana waamue pamoja.

Katibu wa kila koperative aandike maneno haya ku ubao, na kila mutu asome kwa sauti. Somo yenye kufuata itakuwa juu ya "supplier", mwenye kuuzisha vitu ku sosiete, juu mboga na mahindi yetu navyo vinaweza kupata njia ya kufika ku jikoni za mine.